Karatasi za Kunusa Maji

Makopo yalianza kurudi yamevimba. Yalianza matatu, ikafuata katoni nzima, kisha lori likarudi na mzigo wote na kuushusha mbele ya ofisi ya meneja ili naye ajionee. Vifuniko vilikuwa vimetuna kama mashavu ya mtu anayepuliza moto. Kopo moja lilifyatuka lenyewe mchana kweupe, kifuniko kikagonga dirisha, na gundi iliyotengenezwa kushika soli za viatu ikatoka povu tupu, isingeshika hata bahasha.

Pale kiwandani hakuna aliyehitaji kuelezwa. Gundi ile na maji ni paka na panya. Maji yakiingia, dawa ya kukazia huyarukia, gesi hutoka, kopo hujaa upepo. Kwa hiyo maji yalikuwa yameingia, hilo halikuwa na ubishi. Kazi ilikuwa kutafuta yameingilia wapi. Meneja, ambaye hakuwa na subira ya kutafuta mahali, alitafuta mtu.

Mtu wa karibu alikuwa mtunza stoo. Wenzake walimwita Kufuli, kwa sababu kwa miaka kumi na miwili alikuwa akifunga mlango wa stoo, anautikisa, anapiga hatua tatu, anarudi kuutikisa tena. Yeye ndiye aliyepokea mapipa ya kiyeyusho, ile dawa nyepesi yenye harufu kali inayoyeyusha gundi, na yeye ndiye aliyeyatoa. Asubuhi ya Jumatatu, zamu nzima ikiwa imepanga mstari uani, meneja alimwita mbele na kumwambia avue ufunguo shingoni.

"Umekuwa ukiuza kiyeyusho nje na kujazia maji," alisema, kwa sauti ya mtu anayesoma ratiba. "Umetuchakachulia."

Kufuli aligeuka kutazama nyuma, kana kwamba kuna mwingine anayeambiwa. Mkewe, fundi wa maabara ya kiwanda hichohicho, alikuwa mstari wa pili. Alimwona mumewe akihangaika na kamba iliyonasa kwenye kola, na watu zaidi ya mia wakiwa wamesimama wima bila hata mmoja kumsaidia. Akatoka mstarini, akainasua yeye, akamkabidhi meneja ufunguo mkononi. Watu waliongelea jambo hilo mchana kutwa.

*

Meneja alikuwa ametoa muda hadi Ijumaa saa nne asubuhi. Ama Kufuli asaini karatasi ya kukiri na kuondoka kimyakimya, ama faili liende polisi. Karatasi yenyewe ilikuwa imechapwa tayari, iko mezani nyumbani kwao, na hakuna aliyetaka kuweka sahani karibu nayo.

"Nitasaini," Kufuli alisema. "Yaishe."

"Yaishe vipi?" mkewe aliuliza. "Ukisaini ndiyo yanaanza."

"Nikikataa wananiweka ndani. Nikisaini natafuta kazi kwingine."

"Kazi gani, baba? Nani atampa ufunguo mtu aliyeandika kwa mkono wake kwamba ni mwizi?"

Mama yake Kufuli, aliyekuwa akichambua mboga dirishani, hakuinua macho. "Huyu utotoni alikuwa akizidishiwa chenji dukani anarudi mbio kuirudisha, mimi nimebaki na chungu motoni nasubiri chumvi. Leo anaiba mapipa. Labda alikuwa anajinoa."

Hakuna aliyecheka, ingawa siku nyingine wangecheka.

"Mama, yule bwana hajapima kitu," fundi wa maabara alisema. "Mashine ya kupima maji ina miezi minne imefunikwa kitambaa, tunasubiri kipuri. Amemhukumu mtu kwa kuangalia makopo. Mimi ninazo karatasi zangu."

Kufuli alishusha pumzi. Karatasi hizo alizijua, na alijua jinsi zilivyomchekesha meneja. Miezi minne iliyopita, mashine ilipokufa, mkewe alikuwa ametengeneza unga mweupe kwa chumvi za madini zilizokuwa zikipigwa vumbi kwenye kabati la maabara. Ukiutazama hivihivi ulikuwa kama unga wa chaki. Ukiumulikia taa ya zambarau, ile wanayokagulia noti bandia madukani, uliwaka kijani cha kuumiza macho. Lakini maji yakiugusa, hata yaliyojificha ndani ya kiyeyusho ambamo jicho halioni kitu, kijani kile kilififia. Maji kidogo, kilififia kidogo. Maji mengi, kilizimika. Aliupaka kwenye vipande vya karatasi ya kuchujia, akachora kwa penseli za rangi kipimo cha kulinganishia, akampelekea meneja. Meneja akauliza kama karatasi hizo zinapiga na ramli. Tangu siku hiyo vijana wa kuchanganya gundi walimwita Mama Ramli.

"Hawatakuamini," Kufuli alisema. "Wewe ni mke wangu."

"Ndiyo maana sitawaomba waniamini."

*

Karatasi zile zilikuwa na kasoro moja, na kasoro hiyo ndiyo iliyoitesa nyumba nzima siku tatu. Ziliweza kunusa maji popote, hata ya hewani. Ilibidi zikaushwe katika oveni polepole, kisha zifungiwe katika kopo pamoja na vile vifuko vidogo vya chembechembe za kufyonza unyevu vinavyokaa ndani ya maboksi ya viatu vipya. Kule maabara, meneja alikuwa amempiga marufuku kufanya chochote nje ya kazi aliyopangiwa. Palibaki jikoni kwake.

Jumanne alikausha arobaini. Alipotoka kidogo kwenda kumjibu jirani mlangoni, mama mkwe aliingia na kufanya alichokifanya kila alasiri ya maisha yake. Alibandika birika la chai. Fundi aliporudi, jikoni kulikuwa na ukungu, dirisha linatoa jasho, na karatasi arobaini zilizokuwa zinapoa juu ya sinia zilikuwa zimeshiba mvuke. Alizimulika moja moja. Zote zilikuwa zimefifia.

Aliketi kwenye kigoda na kulia, si kwa sauti, lakini alilia.

"Kumbe ni chai?" mama mkwe aliuliza. "Chai tu?"

"Ni mvuke, mama. Si kosa lako, sikukwambia."

Bibi yule alizima jiko. Akachukua birika, sufuria kubwa na ndogo, akavitoa nje na kuvigeuza kifudifudi uani. "Humu ndani hakichemki kitu mpaka Ijumaa," alitangaza. "Mkate upo. Maji ya baridi yapo. Nikifa kwa kukosa chai, muandike hivyo hivyo kwenye kaburi, ili na meneja asome."

Kwa siku mbili walikula mkate mkavu, fundi akikausha karatasi upya. Kila jirani aliyebisha hodi alipokelewa kizingitini na bibi aliyemkagua kama kanga zake hazina unyevu. Alipoulizwa kuna nini ndani, alijibu kwamba mkaza mwanawe anapika unga usiolika.

Vifuko vya chembechembe vilikuwa vimekwisha. Fundi alikwenda kwa mshona viatu wa mtaani, aliyekuwa na tabia ya kuvihifadhi kila anapofungua boksi jipya. Siku nyingine angempa kiti. Safari hii aliendelea kupiga msumari kwenye kisigino, akimwacha amesimama juani, na wateja wawili wakisikiliza.

"Shemeji," alisema hatimaye, "nimerudishiwa jozi sita. Soli zimebanduka kama maganda ya ndizi. Kumbe mlikuwa mnatuuzia maji?"

"Sisi hatujauza maji."

"Mtaa mzima unasema."

"Mtaa mzima ulikuwepo stoo?"

Mshona viatu alichomoa msumari mdomoni, akautazama. Kisha akavuta mfuko wa nailoni chini ya meza na kumsogezea kwa mguu, si kwa mkono. Vifuko vilikuwa tele ndani. Fundi aliinama akauokota. Aliona aibu hadi masikio yakamwaka, na alishukuru kwa heshima zote, kwa sababu alivihitaji.

*

Alhamisi asubuhi alimsubiri meneja mlangoni mwa ofisi. Katibu muhtasi wake, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alimfungulia bila kuuliza.

"Bosi, naomba kupima kiyeyusho."

"Mke ampime mume?" Meneja alicheka. Hakuwa mtu mbaya sana. Alikuwa ametoka kuendesha kiwanda cha juisi, akaletwa hapa kuongeza nidhamu, na nidhamu kweli ilikuwa imeongezeka. Ila alikuwa na wateja wenye hasira kila anapoinua simu, na alitaka awe na jibu la kuwapa. "Utasema ni safi. Kisha?"

"Ndiyo maana nataka unipime mimi kwanza. Jaza chupa sita wewe mwenyewe, kutoka pipa lililoletwa wiki hii, ambalo mume wangu hajaligusa. Unazotaka zitie maji, unazotaka ziache. Tone moja, matone kumi, unavyopenda. Andika na ufiche. Mimi nisiwepo. Kesho nitakwambia kila chupa ina nini, mbele ya watu. Nikiweza, utaniruhusu nipime mapipa yote ya stoo."

"Na ukikosea?"

"Nikikosea..."

"Ukikosea hata moja," meneja alisema, "mumeo anasaini hapohapo na sitaki kusikia habari za karatasi tena."

Fundi alifikiria jiko lililozimwa na mkate mkavu, na uso wa mumewe siku ile uani. "Nimekubali," alisema.

*

Ijumaa saa nne, maabara ilijaa. Mapazia yalikuwa yameshushwa ili taa ya zambarau ionekane vizuri. Kufuli alikuja na shati lake la kanisani na la misibani, akasimama karibu na mlango kama mgeni. Karatasi ya kukiri ilikuwa juu ya meza, kalamu imelazwa juu yake. Katibu muhtasi alishika bahasha yenye siri ya meneja. Wasimamizi wa zamu walikuwa wamebanana nyuma, wengine wakitabasamu pembeni mwa midomo.

Chupa sita zilipangwa, zote zina kiyeyusho kilekile cheupe kama hewa. Hakuna binadamu ambaye angezitofautisha kwa macho. Fundi alifungua kopo lake haraka, akachomoa karatasi kwa kibano, akaichovya kwenye chupa ya kwanza, akaipeleka chini ya taa.

"Hii ina maji," alisema. "Si mengi. Lakini yamo."

Ya pili iliwaka kijani cha kung'aa, mtu mmoja akaguna. "Kavu." Ya tatu ilizimika kabisa. "Maji mengi. Zaidi ya matone kumi." Ya nne ilikuwa kavu. Ya tano aliitazama muda mrefu akilinganisha na michoro yake ya penseli. "Hapa uliweka tone moja, bosi. Au mawili, si zaidi." Ya sita ilikuwa kavu.

Katibu muhtasi alichana bahasha. "Chupa ya sita, haikutiwa kitu," alisoma, akianzia chini. "Ya tano, tone moja." Mnong'ono ulipita nyuma. "Ya nne, haikutiwa kitu. Ya tatu, matone kumi na tano. Ya pili, haikutiwa kitu." Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Soma," meneja alisema.

"Ya kwanza. Haikutiwa kitu."

Wasimamizi walishusha pumzi kwa pamoja. Meneja aligonga meza kwa kidole, taratibu, na mtu anayemjua angeona kwamba hata yeye alikuwa amevunjika moyo kidogo. "Tano kati ya sita," alisema. "Kwa mtihani wa shule ungefaulu. Lakini tulikubaliana."

Kufuli hakumlaumu mkewe hata kwa jicho. Alipita katikati ya watu hadi mezani na kuchukua kalamu. "Umejitahidi, mama," alimwambia kwa upole. "Inatosha."

"Iweke chini."

"Tulikubaliana, wewe mwenyewe..."

"Mume wangu, iweke chini hiyo kalamu." Alikuwa amechukua karatasi nyingine. Aliichovya tena kwenye chupa ya kwanza. Ikafifia vilevile. Akachovya karatasi ya tatu humohumo, nayo ikafifia vilevile. Angeweza kusema kwamba karatasi ilikuwa mbovu, au kwamba taa ilimdanganya, na labda wangemhurumia. Lakini alizijua karatasi zake kama mama anavyojua kilio cha mwanawe, na hakuwa tayari kuzisingizia. "Sijakosea. Chupa hii ina maji."

"Sikutia maji," meneja alisema, sasa akikasirika. "Unaniita mwongo?"

"Hapana, bosi. Najua hukutia. Naomba kuuliza tu. Ulijaza ipi kwanza?"

Aliyejibu ni katibu muhtasi, aliyekuwa amemshikia chupa. "Hiyo hiyo. Tulizijaza kwa mpangilio."

"Kwa kutumia nini?"

"Mpira wa pampu. Ule wa chumba cha kuchanganyia. Bosi hakutaka kuchafua mikono kwenye pipa."

Fundi aligeuka akamtazama mumewe, na Kufuli naye akawa anamtazama, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu macho yake yalikuwa na mtu ndani. Mpira ule haukuwa wa stoo. Stoo yake iliishia kwenye mapipa. Mpira ulianzia nje ya mlango wake, ukapita ukutani hadi kwenye matangi ya gundi.

Walikwenda wote, msafara mzima, meneja mbele. Mpira ulikuwa umening'inizwa kwenye kulabu zake, msafi, umekunjwa vizuri, unapendeza kutazama. Kufuli aliinyanyua ncha yake ya nyuma juu ya kichwa chake, mikunjo ikanyooka mmoja mmoja, na mkewe akakinga bilauri chini. Kisha maji yakaanza kutoka. Hayakuwa mengi, labda robo bilauri, maji safi ya bomba. Hapakuhitajika karatasi wala taa.

"Nani anaweka maji humu?" meneja aliuliza.

Wasimamizi wa zamu waligundua ghafla kwamba sakafu inavutia kuitazama.

"Inaoshwa kila alfajiri, bosi," katibu muhtasi alisema. "Pampu na mipira yote, kabla zamu haijaingia. Kama kule kwenye juisi. Ni waraka wako wa usafi. Mimi ndiye niliyeuchapa, siku nne kabla ya kopo la kwanza kurudi."

Kiwandani pale pana pahali ambapo maji ni sawa na kiberiti, na bwana yule alikuwa ameamuru pasafishwe kwa maji. Waoshaji walitii. Wachanganyaji waliukuta mpira mkavu nje wakaridhika. Kila mmoja alikuwa amefanya kazi yake vizuri kabisa, na kila asubuhi robo bilauri ya maji ilisukumwa ndani ya tangi.

Mchana ule walipima mapipa yote ya stoo, thelathini na nane, kwa bomba la kioo lililokaushwa. Wasimamizi walikuja wenyewe kushika taa. Karatasi thelathini na nane ziliwaka kijani mfululizo, na kufikia la ishirini watu walikuwa wameanza kuhesabu kwa sauti, Mama Ramli akichovya, Kufuli akifungua na kufunga vifuniko. La mwisho lilipowaka, vijana wa kuchanganya walipiga makofi. Mmoja wao aliomba afundishwe kusoma rangi.

*

Meneja aliandika tangazo la kubandikwa getini. La kwanza lilisema uchunguzi haukubaini ushahidi wa kutosha dhidi ya mtunza stoo. Kufuli alilisoma akiwa amesimama, akalirudisha.

"Hapana, bosi. Hilo linasema niliiba ila hamkunikamata."

La pili lilisema uongozi unasikitika kwa usumbufu uliojitokeza. Alilirudisha pia. Katibu muhtasi aliingiza karatasi ya tatu bila kuambiwa, na watu walisema baadaye kwamba hajawahi kuchapa kwa furaha kama siku ile. Meneja aliitazama muda mrefu kabla ya kuisaini. Yafaa isemwe kwamba aliisaini kwa jina lake kamili, na kwamba siku hiyohiyo aliagiza karatasi za fundi wa maabara zitumike kila asubuhi kabla pampu haijawashwa, na jiko la kukaushia litafutwe.

Jumatatu asubuhi mama yake Kufuli alikuja getini kwa miguu, amevaa kanga mpya, kabla ya zamu kuingia. Hakujua kusoma. Alimwomba mlinzi amsomee, kwa sauti, kwa kuwa masikio yake yalikuwa yamezeeka.

"Mtunza stoo hakuiba," mlinzi alisoma. "Hakuuza kiyeyusho na hakutia maji. Maji yaliingia kwa amri yangu mimi meneja. Namwomba radhi yeye na familia yake mbele ya wafanyakazi wote."

"Rudia hapo mwanzo."

"Mtunza stoo hakuiba."

"Huyo ni mwanangu," bibi aliwaambia waliokuwa wakifika. "Na aliyegundua ni mkaza mwanangu. Msomee na huyu, hakusikia."

Mlinzi alisoma mara ya tatu, na ya nne, kila kundi lilipofika. Geti lilikuwa limezibwa na watu. Nyuma yao gari la meneja lilikuwa limesimama, injini imezimwa, naye ameketi ndani, mikono juu ya usukani. Mlinzi alimwona akataka kuwasogeza watu, lakini bibi akamshika mkono.

"Mwache asubiri," alisema. "Soma."

Mlinzi akasoma. Meneja hakupiga honi.